Kilomita 3,750 za Uongo

"Huo mkufu umeutoa wapi?"

Mgeni alikuwa ameshainamisha shingo, anatabasamu, anangoja kuvishwa koja la maua. Koja lenyewe lilibaki linaning'inia mikononi mwa Merahi.

"Samahani?"

"Huo mkufu wa simbi ulioko shingoni mwako. Nani kakupa?"

Uwanja wa ndege wa Mataveri ulikuwa umefurika, kama kawaida ndege ya Santiago inapotua. Wenye nyumba za wageni walijipanga langoni na makoja yao, na Mjomba Lázaro alikuwa pembeni anacharaza gitaa lake dogo la nyuzi nne, anaimba za kukaribisha. Desturi ya kisiwa cha Rapa Nui mtoto anaijua kabla hajajua kusoma: anayefika huvishwa maua, anayeondoka huvishwa simbi, yale makombe madogo ya baharini. Maua ni karibu, simbi ni kwaheri. Hakuna anayechanganya.

Na huyu mwanamke ndiyo kwanza anakanyaga kisiwa, kashatinga na simbi.

"Huu?" Mgeni aliushika kwa vidole. "Mume wangu kanizawadia. Aliununua huku huku, kazini kwake. Mzuri, eh?"

Merahi aliutazama tena, asije akamwonea mtu bure. Mistari mitatu ya simbi nyeupe, na katikati moja nyeusi. Hiyo nyeusi marehemu bibi yake aliitunga mwenyewe siku nyeupe zilipomwishia, akasema basi, iache hivyo hivyo. Mkufu ule hauuzwi duka lolote. Ulikuwa mmoja tu duniani, na wiki mbili nyuma Merahi aliuvisha kwa mikono yake shingoni mwa mchumba wake, hapo hapo uwanjani, huku machozi yanamtiririka.

"Mume wako anaitwa nani, dada?"

"Renato. Renato Salvatierra. Unamfahamu?"

Jamani! Kisiwa hiki ukinunua nguo ya ndani mpya, kabla ya jioni mtaa mzima unajua rangi yake. Na mtu kaweza kuficha mke!

"Namfahamu kidogo," Merahi alisema. "Wewe ndiye Jimena, uliyeandika chumba kwa Mama Melania?"

"Ndiye mimi."

"Panda gari twende."

Koja la maua alilitupa nyuma ya pikapu, juu ya sanduku. Hakumvisha.

*

Jikoni, Mama Melania alikuwa anamenya viazi vitamu vya sherehe. Jumamosi ndiyo harusi ya binti yake. Nguruwe wawili walishanunuliwa, shimo la kuokea lilishachimbwa uani, mawe yake yameshapangwa, na ndugu wa pande zote za kisiwa walishaalikwa. Alipomwona mgeni akamsogezea kiti na kipande cha mkate wa ndizi.

"Karibu mwanangu. Umechoka? Saa tano na ushei angani si mchezo."

"Ahsante, mama. Nimekuja kumshtua mume wangu. Yeye ni fundi wa umeme wa jua, anakuja Alhamisi. Mimi nimemdanganya niko Concepción kwa dada yangu, kumbe nimemtangulia!" Jimena alicheka. "Keshokutwa ni siku yake ya kuzaliwa. Miaka sita tuko pamoja na sijawahi kufika anakofanyia kazi. Kila nikisema nije, ananiambia ni mbali, utachoka, mtoto utamwacha na nani."

"Ana mtoto?" Merahi aliuliza.

"Tunaye. Agustina, wa miaka minne."

Mama Melania aliacha kumenya. Alimtazama binti yake, akauona uso wake, akajua kuna jambo.

"Na kwa nini ukachagua kwangu, mwanangu? Nyumba za wageni ziko tele."

"Renato ndiye kaniambia anapanga hapa. Anasema mama mwenye nyumba ni mtu mzuri sana, ila..." Jimena akasita.

"Ila nini? Sema tu."

"Ila ana binti aliyechacha, mkali kama pilipili, hakuna mwanaume anayemtaka. Akaniambia nikimpigia simu nikasikia sauti ya mwanamke nisishtuke, ni huyo."

Kisu kilimdondoka Mama Melania.

"Binti aliyechacha ndiye mimi," Merahi alisema. "Na Jumamosi naolewa."

Jimena aliona aibu hadi masikioni. "Nisamehe, dada, sikujua. Hongera. Na nani?"

"Na Renato Salvatierra."

Jimena akasimama kwa kishindo, kiti kikaanguka.

"Unasema nini wewe?"

"Ulichokisikia."

"Malaya! Mwizi wa waume za watu! Ndiyo maana ulikuwa unanikodolea macho uwanjani!"

"Chunga mdomo wako, hapa ni kwa mama yangu! Huo mkufu uliovaa ni wa bibi yangu, nimemvisha mchumba wangu. Wewe ndiye umevaa mali ya watu!"

"Mchumba! Mwanaume anarudi kwangu kila mwezi, ananilalia kitandani, wewe unajiita mchumba?"

"Kwangu alisema hana mke, hana mtoto! Alisema yuko Santiago kumuuguza mama yake!"

Sauti ya Jimena ikashuka.

"Mama yake? Mama yake alikufa kabla Agustina hajazaliwa. Mimi ndiye niliyemvalisha sanda."

"Ati nini?" Mama Melania alishika kifua. "Jumapili mbili mfululizo nimemwashia mishumaa kanisani! Nimepiga magoti na haya magoti yangu mabovu, nimuombee apone. Kumbe namuombea maiti uponyaji?"

Kabla hajajibiwa, simu ya Merahi ikalia mezani. Ujumbe. Hajamaliza kuufungua, ya Jimena nayo ikalia. Walisoma kila mtu yake, kisha, bila kuambizana, wakaziweka ubavu kwa ubavu.

Ya Merahi ilisema: "Malkia wangu, mama anaendelea vizuri, anakusalimia. Alhamisi napanda ndege. Tunatenganishwa na kilomita 3,750, lakini moyo hauna uwanja wa ndege."

Ya Jimena ilisema: "Malkia wangu, msalimie dada yako. Alhamisi narudi kazini kisiwani. Tutatenganishwa na kilomita 3,750, lakini moyo hauna uwanja wa ndege."

"Hata kubadilisha maneno kaona uvivu!" Mama Melania alifoka. "Mshenzi huyu anawapikia chungu kimoja, anawapakulia sahani mbili!"

Jimena aliinua kiti, akakaa. Machozi yakaanza kumtoka kimyakimya.

"Kilomita hizo ananiimbia kila mwezi," alisema. "Nilidhani anazihesabu kwa sababu ananikumbuka."

"Na mimi nilidhani hivyo hivyo," Merahi alijibu.

Kumbe alikuwa anazihesabu kama mwizi anavyopima urefu wa ukuta. Huku mke, kule mchumba, katikati bahari tupu isiyo hata na jiwe la kutua ndege. Nani atavuka? Nani atajua? Alijiona mjanja kuliko watu wote, na ujanja wake ukaangushwa na mkufu. Kwa mtu wa bara mkufu ni pambo tu, unamgawia mkeo unaokoa hela ya zawadi. Mtu wa kisiwa hawezi kugawa simbi alizoagiwa nazo hata akiwa mlevi.

Jimena alijivua mkufu, akauweka mezani mbele ya Merahi.

"Chukua mali ya bibi yako. Na lile neno nililokutukana, nisamehe."

"Nimeshalisahau. Ila la kuchacha silisahau, na si wewe utakayelilipa."

*

Usiseme Merahi alikuwa wa chuma. Kesho yake, Jumatano, alikaa uani kando ya lile shimo la kuokea akawa anayapangua mawe na kuyapanga upya bila sababu. Mama yake akaja akasimama juu yake.

"Mwanangu."

"Bado nampenda, mama. Hicho ndicho kinachoniudhi. Ningekuwa namchukia ningelala."

"Mapenzi hayazimwi kama taa, najua. Lakini jiulize alichotaka. Mtu wa bara haruhusiwi kukaa hapa zaidi ya mwezi, mpaka awe mume wa mtu. Na ardhi hawezi kununua. Sasa vile vibanda vya wageni alivyokuwa anakuchorea, angevijenga wapi?"

"Kwenye kiwanja cha bibi."

"Haya. Jibu umelitoa mwenyewe."

Mlangoni mwa jikoni Jimena alikuwa amesikia.

"Vibanda vitano vyenye paa la nyasi na bwawa dogo katikati?" aliuliza.

"Ndivyo."

"Mchoro huo umebandikwa kwenye friji yangu. Aliniambia kuna kikongwe kisiwani anamrithisha kiwanja."

Merahi alicheka kicheko kibaya. Wakati huo huo simu yake ikaita, jina la Renato limejaa kwenye kioo. Aliwaashiria wenzake wasogee, akaweka sauti ya wazi.

"Malkia wangu! Umelalaje?"

"Vizuri. Mama anaendeleaje?"

"Leo kaamka, kanywa supu. Anasikitika hatakuja harusini. Unajua tena safari ndefu ile."

Mama Melania aliuma kitambaa asipige kelele.

"Renato," Merahi alisema taratibu, "kabla hujapanda ndege, kuna kitu chochote unataka kuniambia? Chochote. Leo ukiniambia nitakusikiliza."

Alimaanisha. Moyoni alikuwa amemfungulia mlango mdogo, akiombea apite.

"Kitu gani, mpenzi? Mimi kwako ni kama maji kwenye glasi, unaniona mpaka chini."

"Na mkufu wa bibi, umeutunza?"

"Sijauvua hata siku moja! Naoga nao, nalala nao. Hata sasa hivi naushika hapa kifuani, huku nasikia sauti yako."

Mkufu ulikuwa juu ya jiwe, mbele ya wanawake watatu. Jimena aliziba mdomo kwa mikono miwili.

"Haya," Merahi alisema. "Safari njema. Tutakupokea."

Alikata simu. Mlango ule mdogo ulifungwa na yeye mwenyewe aliufungia komeo. Akafuta macho kwa mgongo wa mkono, akasimama.

"Mama, waite ndugu. Waambie kesho waje uwanjani wote. Na kila mmoja aje na simbi."

"Simbi? Si anafika?"

"Simbi, mama."

Mama Melania alimtazama, kisha akaanza kutabasamu pole pole. "Njia ya mwongo ni fupi," alisema, "hata akipanda ndege."

"Lakini mwaliko?" Jimena aliuliza. "Niliona kwenye karatasi zake, mgeni wa kisiwani lazima awe na chumba au mwaliko wa mwenyeji. Wake nani kautoa?"

"Mimi. Nikiuondoa leo watamzuia Santiago, na atakuja kunisimulia uongo mwingine. Acha apande. Kuna mahali katikati ya bahari ndege ikishapita haigeuki tena. Nitangoja apite hapo."

*

Alhamisi mchana upepo ulikuwa shwari. Merahi alikuwa dirishani kwa ofisa wa wageni, anamfahamu tangu utotoni, anauliza ndege imefika wapi. Alipoambiwa imeshavuka katikati, alisaini kuondoa mwaliko wake, akasema ahsante, akaenda kusimama langoni. Ndugu zake walikuwa wamejaa kuanzia langoni hadi kwenye kituo cha magari. Mjomba Lázaro na gitaa lake. Shangazi wawili na watoto wao. Wote simbi mikononi. Wenye nyumba za wageni waliokuja na makoja ya maua waliwatazama wakashangaa.

"Nani anaondoka?" mmoja aliuliza.

"Anayefika," Merahi alijibu.

Ndege ikatua. Abiria wakashuka. Renato alikuja wa katikati, shati jeupe, miwani ya jua, suti ya harusi ndani ya mfuko mrefu begani. Alimwona Merahi, akafungua mikono.

"Malkia wangu!"

Akainamisha shingo kwa mbwembwe, macho kayafumba, anangoja harufu ya maua.

Kilichomgusa shingoni kilikuwa cha baridi, kinagongana. Akafumbua macho.

"Ee, mpenzi," alicheka, "furaha imekuchanganya. Hizi si za kuondokea?"

"Ndizo."

"Lakini mimi nafika!"

"Sogea, mwanangu," Mama Melania alisema, akamvisha wa pili. "Huu ni kwa ajili ya mishumaa yangu."

Shangazi akamvisha wa tatu. Mwingine wa nne. Walikuja mmoja mmoja, bila haraka, bila tusi, na kila aliyemvisha alimwambia "safari njema" na kupita. Gitaa la Mjomba Lázaro likaanza wimbo wa kuaga, ule wanaouimba ndege inapopasha injini. Hapo kila mtu alishaelewa, isipokuwa watalii wawili waliokuwa wanapiga picha.

"Merahi, hii ni nini? Watu wanatutazama!"

"Waache watazame. Uliniomba harusi ya hadharani, si ndiyo? Mkufu wa bibi uko wapi?"

Mkono wa Renato ulikimbilia kifuani, kwenye rundo la simbi, ukapapasa kana kwamba ungeuona humo.

"Uko... nimeuweka ndani ya sanduku, usije ukakatika."

"Ah, kumbe si unaoga nao?"

Umati ukapisha njia. Jimena alitoka nyuma ya shangazi, mkufu wa simbi nyeupe na moja nyeusi umening'inia kidoleni mwake.

"Karibu kazini, baba Agustina."

Wallahi, rangi ilimtoka mpaka kwenye midomo. Mfuko wa suti ulimteleza begani ukaanguka.

"Jimena? Wewe si... Concepción..."

"Na mama yako si anakunywa supu?"

"Sikilizeni. Sikilizeni wote wawili, naweza kueleza. Nilikuwa napanga maisha yetu. Umbali ule ulinichanganya, mwanaume kukaa mbali..."

"Umbali haukukuchanganya, ulikuhifadhi!" Merahi alipandisha sauti kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Ulituambia sote bahari ni kubwa ili tusionane nyuso! Mwenzangu amekulelea mtoto miaka minne, unamwambia mimi ni mwanamke aliyechacha. Mimi nimekulilia hapa hapa, kilio nilichomlilia bibi yangu, ukaenda kugawa simbi zake! Ulikuwa hupendi mtu, Renato. Ulikuwa unapenda kiwanja."

"Merahi, nakupenda, naapa kwa..."

"Usiape kwa mama yako. Mwache apumzike."

Mtu alicheka, wengine wakafuata, na kicheko kikazunguka uwanja kama moto wa nyasi. Renato aligeuka kwa ofisa.

"Bwana, mimi nina haki ya kuingia. Nina karatasi!"

"Mwaliko wako umeondolewa na mwenyeji," ofisa alijibu. "Una chumba popote?"

Renato aliwageukia wenye nyumba za wageni. Aliyekuwa na koja la ziada alilirudisha ndani ya kikapu. Wa pembeni akaangalia kucha zake.

"Kumejaa," akasema mmoja.

"Kwangu pia."

"Kwangu bati linavuja," akasema wa tatu, na mvua ilikuwa haijanyesha wiki nzima.

"Tiketi ya kurudi unayo, kila mgeni anayo," ofisa alisema. "Ndege inageuza sasa hivi. Nafasi ipo."

"Saa tano nyingine?" Renato alisema, na ndiyo mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya kweli. "Ndiyo kwanza nashuka!"

"Si ulisema moyo hauna uwanja wa ndege?" Jimena alimwambia. "Miguu inao. Nenda. Funguo za nyumba mwachie kaka yangu, nimeshamwambia abadilishe kitasa. Agustina utamwona kwa utaratibu, sitamnyima baba yake. Mimi ndiye umenikosa."

Alitembea kurudi kwenye ndege ile ile, simbi shingoni zinagongana kila hatua, ch'ka, ch'ka, ch'ka. Hakuna aliyemzomea. Mjomba Lázaro alimwimbia mpaka mlango ulipofungwa.

Ndege ilipokuwa kitone tu juu ya bahari, Merahi aliketi kwenye ukingo wa maua akalia. Alilia sana, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Jimena alikaa ubavuni mwake, naye akalia yake. Mama Melania aliwaacha mpaka wakaishiwa.

"Sasa," akasema, "nguruwe wameshanunuliwa na shimo limechimbwa. Jumamosi watu watakula. Tutasema ni sherehe ya binti yangu kuponea chupuchupu."

"Mimi naondoka kesho, mama," Jimena alisema.

"Unaondoka Jumapili. Mtoto yuko kwa dada yako, atakungoja siku mbili."

Merahi aliinuka, akaenda kwenye pikapu. Lile koja la Jumanne lilishanyauka. Lakini asubuhi hiyo, kabla ya yote, alikuwa ametunga jipya. Alirudi nalo.

"Inama, dada. Tangu ufike hujakaribishwa."

Jimena akainama.

Usiku, mezani, simu ya Merahi ililia. Renato alikuwa ameshatua Santiago. "Malkia wangu, nimekosa, nisamehe. Usiache kilomita 3,750 zitutenganishe."

Alimwonyesha Jimena. Jimena akasoma, akatikisa kichwa, akaendelea kumenya viazi. Merahi akaandika neno moja, akatuma, kisha akalizuia lile jina lisimpigie tena.

Aliandika: "Hazitoshi."